Bihambwe: Samaki wakifa etangini, maji yaulizwe kabla ya jirani

BIHAMBWE (Masisi) – Asubuhi, jua likiwa bado nyuma ya kilima, mwenye etangi anashuka bondeni na kukuta samaki wake wamekusanyika mahali pamoja, pale mfereji unapoingiza maji mapya. Hawali. Pumba alizowatupia jana jioni zingali zinaelea. Wengine wanajisugua ubavu kwenye udongo wa ukingo, kama ng'ombe anayejikuna kwenye mti. Siku mbili baadaye wadogo wanaanza kuelea tumbo juu, na juma halijaisha alevini karibu zote zimekwisha.

Neno la kwanza linalomtoka mtu mdomoni ni "sumu". La pili ni jina la mtu.

Mahali kama Bihambwe, ambapo familia za wenyeji na familia zilizokimbia vita zinachota maji kwenye kijito kimoja, kila mtu anajua jina hilo huwa la nani. Ni la yule aliyefika jana, anayefua nguo upande wa juu, asiye na shamba wala mjomba wa kumtetea mbele ya chefu. Watu wameshagombana kwa mambo madogo kuliko etangi ya samaki. Ndiyo maana hoja ya makala hii ni moja tu: jina lolote lisitajwe kabla mtu hajamshika samaki mmoja mkononi, akamgeuza kwenye mwanga, akaitazama ngozi yake.

Kama kuna vidoa vyeupe vidogo, mfano wa punje za chumvi au semule, vimetawanyika kwenye mapezi, kichwani na ubavuni, basi huo ni ugonjwa. Sumu haifanyi hivyo. Sumu inaua kwa saa chache, wakubwa kwa wadogo, na mara nyingi vyura na wadudu wa majini wanakufa pamoja na samaki. Kuna pia kifo cha kukosa hewa, kinachotokea alfajiri kwenye etangi yenye mbolea nyingi kupita kiasi: samaki wanapanda juu wakitanua midomo, na wakubwa ndio wanaotangulia kufa. Ugonjwa wa madoa meupe unakwenda polepole, siku kwa siku, na unaanza na wadogo. Mtu akichukua muda wa kutazama anaweza kutofautisha mambo hayo matatu hata kama hakusoma.

Kinachosababisha madoa hayo ni kimelea kidogo sana. Wataalamu walikieleza huko Ufaransa mwaka wa 1876 na kukipa jina refu, Ichthyophthirius multifiliis, ambalo sehemu yake ya kwanza maana yake ni chawa wa samaki na ya pili ni mwenye watoto wengi. Kipo karibu dunia nzima penye maji matamu. Huku kwenye Maziwa Makuu pia si kigeni: mwaka wa 1972 mtaalamu Ilan Paperna alichapisha maelezo ya ugonjwa huo kwa samaki wa Uganda, na baadaye, mwaka wa 1980, shirika la FAO likatoa kitabu chake juu ya vimelea na magonjwa ya samaki wa Afrika. Kwa hiyo anayesema madoa haya ni jambo jipya lililoletwa na wakimbizi hana msingi. Kimelea hiki kilikuwa kwenye maji ya eneo hili kabla ya vita hivi.

Shida ni kwamba maji ya etangi ni tope. Mfugaji anaona samaki wanapopanda juu tu, hajui kinachoendelea chini. Walioona vizuri zaidi ni watu wengine kabisa, wale wanaofuga samaki wa bahari nyumbani ndani ya tangi la kioo, huko Ulaya, Marekani na Asia. Kwa msikilizaji wa Masisi, kufuga samaki asiyeliwa kunaweza kuonekana mchezo wa matajiri, na kwa kweli ni mchezo wa matajiri. Lakini samaki hao wengine wanatoka Afrika hii hii. Wavuvi wa pwani ya Kenya wanawakamata wazima kwenye matumbawe, wanafungwa kwenye mifuko ya plastiki yenye maji na hewa, wanapanda ndege na kuuzwa ng'ambo. Kioo kimewafundisha wanunuzi wao jambo ambalo tope linamficha mfugaji wa Bihambwe.

Ndani ya maji ya chumvi kuna kimelea kingine, Cryptocaryon irritans. Si ndugu wa damu wa kile cha maji matamu, ila tabia zao zinafanana mno. Kisa chake ni kile kile kila mara. Mtu ananunua samaki mmoja mzuri dukani, anamtia kwenye tangi lenye wengine kumi. Baada ya siku chache anaona vidoa. Anakimbia kununua dawa, anaimimina. Siku ya nne au ya tano madoa yamekwisha, anafurahi, anawaambia rafiki zake kwamba dawa ni nzuri. Juma la pili au la tatu tangi zima limejaa weupe, samaki wanahema, na asubuhi moja anawatoa wote wamekufa.

Dawa haikuwa imefanya kitu. Madoa yalikwisha kwa sababu vimelea vilikuwa vimeshiba. Kimelea kinapokaa chini ya ngozi ya samaki kinakula na kukua, na hapo dawa nyingi hazikifikii, ngozi inakilinda. Kikikomaa kinatoka chenyewe, kinashuka mpaka chini, kinajifunga ndani ya ganda gumu. Ndani ya ganda hilo kinajigawa. Kile cha baharini kinaweza kutoa watoto karibu mia mbili. Kile cha maji matamu, cha etangi, kinaweza kufika mamia na hata elfu moja. Ganda likipasuka, watoto hao wanaogelea kutafuta samaki. Huo ndio wakati wao dhaifu: hawana ngozi ya kuwaficha, na wasipompata samaki kwa muda wa siku moja au mbili wanakufa kwa njaa.

Kwa hiyo wenye matangi walijifunza kwa hasara kwamba ugonjwa haumalizwi kwa kumtibu samaki na kumrudisha kwenye maji yale yale. Samaki wote wanatolewa, hata wale wasio na doa, wanawekwa kwenye chombo kingine kitupu. Huko ndiko wanakotibiwa, mara nyingi kwa shaba iliyopimwa kila siku, kwa sababu shaba ikizidi inaua samaki na ikipungua haiui kimelea. Na tangi la kwanza, lenye mawe na matumbawe yake, linaachwa bila samaki hata mmoja. Wengi wanangoja siku 76. Hesabu hiyo imetokana na ganda moja lililoonekana maabarani likichukua siku 72 kabla ya kupasuka. Hao ni watu wenye fedha, wenye famasi kando ya mlango, na bado dawa yao kubwa ni kungoja.

Sasa turudi bondeni.

Mfugaji akisikia kwamba chumvi inaua kimelea cha maji matamu, hajadanganywa. Ni kweli. Gramu tano za chumvi kwa kila lita, kwa siku saba mpaka kumi, zinawaua watoto wa kimelea wanapotoka kwenye ganda, na tilapia anaivumilia chumvi hiyo bila taabu. Katika pipa la lita 200 hiyo ni kilo moja. Lakini etangi ya are moja yenye kina cha mita moja ina lita 100,000. Chumvi yake ni kilo 500, yaani mifuko kumi ya kilo 50, ije kwa moto kwenye barabara ambayo kila msikilizaji anaijua, halafu iharibu udongo na maji ya shamba lililo chini yake. Aliyetupa vibakuli viwili vya chumvi etangini akangoja muujiza ametupa mboga ya nyumba yake. Chumvi ina mahali pake, na mahali pake ni ndani ya pipa, kabla alevini hazijaingia kwenye etangi.

Yapo mabaya zaidi ya chumvi. Masisi ni nchi ya ng'ombe na viazi, kwa hiyo kila nyumba haikosi chupa ya dawa ya kupe au mfuko wa Dithane. Mtu aliyekata tamaa anafikiri: kama inaua kupe, kwa nini isiue chawa wa samaki? Itawaua samaki kwanza. Dawa nyingi za kupe ni kali sana kwa viumbe vya majini hata kwa kiasi kidogo, na maji hayo hayaishii etangini, yanashuka mpaka kwenye bidoni za wale wanaoishi bondeni. Dawa za shaba za mashambani nazo zisimiminwe kwa macho. Ile dawa ya rangi ya kijani inayoitwa malakaiti, ambayo baadhi ya wauzaji wa samaki wa urembo wanaitumia, imepigwa marufuku Ulaya kwa samaki wa kuliwa kwa sababu inabaki ndani ya nyama na inashukiwa kuleta saratani. Samaki wenyewe wenye madoa hawamwambukizi mtu. Akivuliwa akiwa mzima, akapikwa vizuri, analiwa. Samaki wa etangi iliyomiminiwa dawa ya kupe haliwi, awe na madoa au asiwe nayo.

Wazee wanaujua pia mti wa tefrosia, umuluku, unaopandwa kandokando ya mashamba kufukuza fuko. Majani yake yakipondwa na kutupwa mtoni, samaki wanalewa na kuelea. Ndani yake mna kitu kinachoitwa rotenoni. Kuna jambo la kushangaza hapa. Huko Norwei, miaka ya 1970, kimelea kingine cha ngozi kiitwacho Gyrodactylus salaris kiliingia kwenye mito pamoja na samaki wadogo waliotoka Sweden kwa ajili ya ufugaji. Kikaenea kwenye mito karibu hamsini na kumaliza samaki wachanga wa aina ya salmoni. Serikali yao, yenye maabara na fedha, ilifanya nini? Ilimimina rotenoni mtoni na kuua samaki wote kwa kusudi, kwa sababu kimelea hicho kikikosa samaki hakina maisha marefu. Kisha wakarudisha samaki safi waliokuwa wametunzwa pembeni.

Hakuna anayemshauri mtu wa Bihambwe kumimina umuluku kwenye kijito. Kufanya hivyo kwenye maji ya watu wote ni kosa, na mnywaji wa kwanza wa maji hayo si samaki. Ila Norwei inaonyesha mambo mawili. Ugonjwa uliingia kwa samaki wadogo waliobebwa kutoka mbali bila kukaguliwa, na hata tajiri alilazimika kuyaacha maji bila samaki.

Mfugaji wa etangi ana bahati ambayo mwenye mto hana, anaweza kukausha. Anavua samaki wote walio wazima, wakubwa wanauzwa au wanabanikwa, wala asisubiri wafe ndipo aanze kulia. Anafungua maji. Anaacha tope likauke mpaka lipasuke, kwa sababu lile ganda la kimelea linahitaji maji ili liishi. Penye unyevu usiokauka ananyunyiza chokaa, kilo kumi mpaka kumi na tano kwa are moja, akijifunika macho na mikono. Jivu la jikoni linasaidia kidogo lakini halina nguvu ya chokaa. Nyavu, ndoo na vikapu navyo vinaanikwa juani, maana tone la maji kwenye ndoo linatosha kuhamisha ugonjwa kutoka etangi ya huyu mpaka ya yule.

Baridi ya Masisi inafanya kungoja kuwe kurefu zaidi. Kwenye maji ya joto, kama digrii 25, kimelea kinamaliza mzunguko wake kwa siku nne mpaka saba. Kwenye digrii 15 kinaweza kuchukua wiki mbili na zaidi. Anayesoma maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya nchi ya joto, akatunza alevini zake kwa siku saba na kusema ni safi, anajidanganya. Huku kwenye milima wiki nne ndiyo hesabu ya busara. Na ikumbukwe kwamba tilapia anapenda maji ya joto; kwenye baridi anakula kidogo, anakua polepole na kinga yake inashuka. Samaki wengi waliosongamana kwenye etangi ndogo yenye maji baridi ni mlango ulioachwa wazi.

Hapa ndipo lawama inapohama kutoka kwa mkulima. Nchi hii haikuanza jana kufuga samaki. Wakati wa Wabelgiji watu walisukumwa kuchimba etangi za tilapia kila mahali, na kufikia mwisho wa miaka ya 1950 hesabu ya Kongo nzima ilikuwa imepita 100,000. Nyingi ziliachwa baada ya uhuru, zikajaa nyasi. Moja ya sababu zake haikuwa uvivu wa mtu mweusi, kama ilivyopendwa kusemwa. Watu walipewa shimo na samaki, hawakupewa maarifa ya kutosha wala mtu wa kumwendea mambo yakiharibika. Leo, kila mara mradi wa kusaidia familia zilizorudi makwao unapogawa alevini, kosa lile lile liko tayari kurudiwa. Alevini zinatoka bonde jingine ndani ya bidoni, zimetikiswa saa nyingi juu ya moto, zimechoka, na zinaingia etangini siku ile ile kwa sababu kuna picha ya kupiga na ripoti ya kuandika. Mwenye mradi anahesabu alevini zilizogawiwa. Zilizo hai baada ya miezi miwili anazihesabu nani?

Wanaogawa samaki wanapaswa kugawa na muda. Pipa mbili au etangi ndogo ya kungojea kwa kila kikundi, kilo chache za chumvi, wiki nne za chakula cha samaki, na agronomu au veterineri anayerudi angalau mara mbili baada ya sherehe. Haya si maombi makubwa kuliko gharama ya kupeleka alevini mara ya pili na ya tatu. Na kikundi kinachopewa alevini kina haki ya kuuliza zimetoka etangi gani na lini, na kuzikataa kama zina madoa. Kukataa zawadi ni vigumu kwa mtu mwenye njaa, hasa mbele ya wageni. Ndiyo maana anayeleta ndiye anayepaswa kukagua kwanza.

Wapo watakaosema kwamba familia iliyopoteza nyumba haiwezi kuacha etangi tupu mwezi mzima. Wana haki ya kusema hivyo, na hakuna jibu tamu. Lakini etangi yenye ugonjwa si chakula. Ni pumba zinazotupwa majini kila jioni, pumba ambazo zingelisha kuku. Samaki waliovuliwa mapema wanaweza kununua unga. Tope la chini, kwa majuma hayo machache, linatosha kuotesha lengalenga kama maji hayajarudi. Ni kidogo, ila ni zaidi ya kinachobaki kwa mtu anayetia alevini mpya kwenye tope lenye maganda ya kimelea.

Inabaki kazi ambayo hakuna dawa wala mradi unaoweza kuifanya. Etangi za bonde moja kwa kawaida zinapokezana maji: yanayotoka kwa huyu yanaingia kwa yule wa chini. Mmoja akikausha peke yake wakati wa juu yake ana samaki wagonjwa, ataletewa watoto wa kimelea kwa mfereji. Kwa hiyo wenye etangi wa kijito kimoja, wenyeji na waliohamia, wanahitaji kukaa barazani kabla ya mwezi wa sita, mvua inapopungua, na kukubaliana siku moja ya kuvua na majuma ya kukausha. Wakati huo wachimbe mfereji wa pembeni, kwa salongo, ili kila etangi iwe na mlango wake wa maji na maji machafu yapite bila kuingia kwa jirani. Wale wanaochota maji ya kunywa kijitoni waambiwe siku hiyo mapema, wajaze bidoni zao usiku uliotangulia. Mwenye etangi ya juu ndiye anayeshika mpini: akifungua maji yake usiku bila kuwaambia walio chini, kazi ya bonde zima inaanza upya.